Awadhi Yuko Njiani

Mwenyekiti wetu Clinton aliniomba niandike historia ya Chemba ya wafanyabiashara wa mji wetu wa Korogwe. Alitaka kurasa mbili, zenye picha ya jengo na picha yake. Nilimwambia nitaandika, sikumwambia nitaandika nini. Clinton anauza simu na taa za sola karibu na stendi, ni kijana mwerevu na ana heshima zake, ila anadhani historia ni majina ya wenyeviti yaliyopangwa kwa mstari. Mimi nimekaa katika Chemba hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nauza misumari, mabati na majembe, na ninasema historia yetu ni mwanamke mmoja anayeitwa Swaumu Mbaruku. Asiyetaka kumsikia Swaumu na akatazame picha ya Clinton.

Niseme mapema kwamba mimi, Habakuki, ni Msambaa wa Mpale, ni Mlutheri, na siamini mizuka. Kwa hiyo msinitafutie maneno. Naandika nilivyoona, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Chemba ilianza zamani, mkonge ulipokuwa mkonge. Wenye maduka wa Kihindi, Mwarabu mmoja muuza vitambaa, Wazigua wanunuzi wa mahindi, na Wasambaa walioshusha mboga kutoka milimani. Watu hao hawakupendana hata kidogo. Kilichowakutanisha ni njia. Kila mmoja wao alikuwa na mtu barabarani, na barabara za wakati ule zilikula watu: mto umejaa, lori limezama kwenye tope, homa imemkamata mtu porini. Wakakubaliana wakutane kila mwezi, Jumamosi alasiri, waulizane nani ametoka na nani bado hajarudi. Vijana wanafikiri tulianza kwa ajili ya leseni na kodi. Tulianza ili mtu akipotea ijulikane kwamba amepotea.

Hapo ndipo ilipotoka desturi yetu ya kuita majina. Mwitaji huita kwa kichwa, hana karatasi. Aliyepo husema, "Nipo." Aliyesafiri hujibiwa na jirani yake wa kiti: "Yuko njiani." Neno "hayupo" halisemwi ndani ya jengo lile. Mgeni akiteleza akalisema, hutolewa nje, akasukutua mdomo kwa maji, ndipo arudi. Ukimwita mfanyabiashara aliye safarini ukasema hayupo, umemfungia njia ya kurudi. Na mwanachama akifa, mmoja wa waliotia udongo kaburini husimama na kusema, "Amefika," na jina lake haliitwi tena. Serikali zimebadilika, jina la Chemba limebadilika, kuna miaka tulikutana nyuma ya mashine ya kusaga kwa sababu maduka ya watu binafsi yalikuwa hayatazamwi kwa jicho zuri, lakini majina yaliitwa hata huko. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kuvua kofia.

Sasa Swaumu. Alizaliwa Kwamsisi, huko Handeni, mwezi wa kufunga, kama jina lake linavyosema. Wazazi wake walilima mahindi na mihogo, naye akalima pamoja nao hadi alipotokea Awadhi Sufiani. Awadhi alinunua mahindi vijijini, mwanzoni kwa baiskeli. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mwenye kuchelewa. Akikuambia anakuja mchana, wewe pika chakula cha jioni. Hakuweza kupita kijiji bila kusalimia nyumba zote, na hakuwahi kunyoosha njia hata siku moja. Akitoka Kwamsisi kuja Korogwe angeweza kuzungukia mahali ambapo hata kunguru hana shughuli napo, kwa sababu amesikia kuna mtu ana mahindi makavu.

Walihamia Manundu hapa Korogwe, wakafungua duka la nafaka mkabala na langu, na nyumba yao ikiwa kando ya duka hilo. Awadhi alikuwa na mdomo, lakini mwenye kujua mahindi alikuwa Swaumu. Alitumbukiza mkono guniani hadi kiwiko, akautoa, akaunusa, kisha akasema, "Haya yamevunwa mabichi, baba, rudi nayo." Wauzaji walimwogopa kuliko polisi. Walijaliwa mtoto mmoja, Ikram. Walikuwa watu wa kucheka, wale wawili. Kutoka kwenye kaunta yangu niliwasikia wakitaniana siku nzima, na nakiri kwamba niliwaonea wivu.

Mwaka wa zile mvua za El Nino, Awadhi alikwenda Kwamsisi kuwahi mahindi ya wakwe zake kabla hayajaoza. Alikuwa na pikapu ya bluu, na mwilini koti la mvua la mpira, la kijani, ambalo mimi ndiye niliyemuuzia. Mto ulikuwa umejaa. Baadaye pikapu ilikutwa imelala ubavu chini ya kivuko, na mahindi yameanza kuota ndani ya magunia. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Tulikwenda kumtafuta, tukakata fito na kuchoma kila shimo la maji. Hatukupata hata kiatu.

Mkutano uliofuata, Mzee Sabiri, mwitaji wetu, akaita, "Awadhi Sufiani." Kiti changu ndicho kilichokuwa kando ya kiti chake, kwa hiyo jibu lilikuwa langu. Kaburi halikuwepo, udongo haukutiwa. Nikasema, "Yuko njiani." Ningesema nini kingine?

Habari zikamfikia Swaumu. Alivuka barabara akaja kusimama mbele ya kaunta yangu, macho yamevimba.

"Shemeji, umesema Awadhi yuko njiani?"

"Ndivyo tunavyosema, shemeji. Ni desturi."

"Umesema vizuri. Lakini wewe ni jirani yake wa kiti tu. Niachie niwe nasema mwenyewe."

Wakati ule mwanamke hakuwa akiingia Chemba. Wazee walikohoa sana, na kwa kukosa hoja nyingine wakasema viti vimekwisha. Swaumu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, amekibeba kichwani mchana kweupe, akakiweka upande wa pili wa kiti cha Awadhi, akakaa. Mzee Sabiri alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuita majina, na alipofika kwa Awadhi, sauti ya mwanamke ikajibu, "Yuko njiani," na jina lililofuata likawa Swaumu Mbaruku. Ndivyo mwanamke wa kwanza alivyoingia katika Chemba yetu. Clinton, hilo lipo kwenye kurasa zako?

Wala hakuja kukaa tu. Swaumu ndiye aliyepigana na lumbesa, yale magunia yaliyovikwa vilemba ambayo mkulima hulipwa kwa gunia moja na mnunuzi huondoka na gunia na nusu. Alimsema kila mnunuzi mbele ya wenzake, nami nikiwemo, maana nilikuwa najaribu biashara ya maharage. Wanawake wengine wakaingia nyuma yake. Leo wakiwa wengi ukumbini wanadhani mlango ulikuwa wazi siku zote.

Lakini kuhusu Awadhi hakutaka kusikia neno. Sheikh alimwendea kwa upole, akamweleza kwamba mke wa mtu aliyepotea hafungwi maisha yake yote. Ikishapita miaka, mume anaweza kutangazwa kuwa amekufa, mke akakaa eda, kisha akitaka akaolewa. Swaumu akampa chai, akamshukuru, akamwambia hawezi kumkalia eda mtu aliye safarini. Ikram alipoolewa Handeni, bwana harusi tayari amekaa, sheikh akauliza walii wa binti yuko wapi. Swaumu akajibu kutoka chumbani, kwa sauti iliyosikika hadi uani, kwamba baba yake yuko njiani. Baba mdogo akasimama badala yake. Ikram alilia siku ile, na watu wakasema ni machozi ya bibi harusi.

Kitu cha kwanza kilichonisumbua ni kile kiti cha Awadhi. Ni kiti cha mninga, hakina mto wala kitambaa. Miaka kadhaa baada ya Awadhi kupotea, niliweka mkono juu yake kwa bahati mbaya nikaukuta umelowa. Nikasema paa linavuja. Nikapanda mwenyewe, nikabadilisha bati, tena bati zuri. Mwezi uliofuata, kiangazi kikali, mbuzi wanatafuna maboksi, kiti kimelowa. Kilinukia gunia bichi. Swaumu alikipangusa kwa upindo wa khanga yake kabla mkutano haujaanza, kama mtu anayefuta meza ya nyumbani kwake. Tangu hapo niliacha kukiwekea mkono.

Kisha zikaanza habari za njiani. Mtu wa bodaboda huko Kwamsisi alisimamishwa na mwanamume mrefu, saa sita mchana, jua la utosi, naye amevaa koti la mvua la kijani linalochuruzika maji. Mtu yule aliuliza, "Korogwe bado mbali?" Bodaboda akamwambia mbali sana, panda. Akajibu kwamba atafika tu, akaendelea na safari yake kwa miguu. Tulisema bodaboda huyo amevuta bangi. Baada ya miaka, muuza machungwa wa Kabuku akasimulia hivyo hivyo, koti, maji na swali. Yule wa Kabuku hakumjua bodaboda wa Kwamsisi wala hakumjua Awadhi. Miaka ikapita tena, ikawa Segera, mama muuza mahindi ya kuchoma. Huyo aliongeza kwamba mtu yule alichukua hindi bichi kwenye beseni lake, akaligeuza, akalinusa, akalirudisha. Swaumu aliposikia hilo la hindi alikaa kitako chini, mlangoni mwa duka lake, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Si nilikuambia, shemeji?" akaniambia. "Amechelewa tu."

Mimi niliogopa. Nilikuwa nimehesabu kwa akili yangu, bila kutaka, kwamba mtu huyo kila aonekanapo yuko karibu zaidi na sisi. Nilianza kufunga duka mapema. Swaumu alianza kupaka chokaa nyumba yake.

Mwaka huu ndipo Clinton alipochaguliwa. Katika mkutano wake wa kwanza alisimama, akatusifu wazee kwanza, nikajua kuna jambo. Akasema kuita majina kunakula nusu ya mkutano, na siku hizi kuna kundi la wasapu, kila mtu ataweka alama kwenye simu yake kwamba amehudhuria. Mwezi ujao yataitwa kwa heshima, mara ya mwisho, na Mzee Sabiri atapewa zawadi ya kustaafu. Vijana wakapiga makofi. Mzee Sabiri, ambaye sasa haoni vizuri, akauliza, "Na walio njiani?" Clinton hakuelewa swali, akasema hata walio safarini wana simu.

Swaumu alinifuata nje. Sijawahi kumwona vile. Alinishika mkono, mwanamke ambaye hata salamu yake ni ya mbali.

"Shemeji Habakuki, wakiacha kumwita ataachwa pale pale alipo. Hatakuwa njiani wala hatakuwa amefika. Atabaki anaranda tu. Mwambie huyo mtoto aniachie miezi michache. Ameshafika Segera, jamani! Segera na hapa ni pua na mdomo."

Nilikwenda kwa Clinton. "Shikamoo mzee," akasema, akanivutia kiti, akanisikiliza vizuri sana. Mwisho akaniambia, "Mzee wangu, na nyinyi watu wazima mnaamini hayo?" Nikakasirika kwa sababu lilikuwa swali langu mwenyewe nililojiuliza kila siku. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika katika historia ya Chemba, nikaondoka.

Siku chache kabla ya mkutano huo wa kuita majina kwa mara ya mwisho, dada mmoja anayeitwa Angel aliingia dukani kwangu kununua buti za mpira. Anafanya kazi kwenye shamba la mkonge Ngombezi, wao ndio wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge, juu ya waya baada ya mashine kuyakamua majani. Nilipomshushia buti aliona koti la mvua la kijani limetundikwa ukutani, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, haya makoti unayauza kwa nani?"

Nilimwambia kwa yeyote. Akanieleza kwamba juzi wakati wa mapumziko ya mchana alibaki peke yake kwenye nyaya, wenzake wamekwenda kula, na akamkuta mwanamume mwenye koti kama lile amekaa juu ya jiwe katikati ya singa. Amelowa chapachapa. Nikamwuliza, alikuwa mzee? La, kijana, hata miaka arobaini hana. Angel alimsalimia, akamwuliza kama anaumwa.

Nikamkatiza. Nilimwomba asinieleze mimi, ninaye mtu wa kusikia. Nikavuka naye barabara hadi dukani kwa Swaumu. Njiani, katika hatua zile chache, niliona nimebeba kitu kizito na sikujua kama nampelekea heri au shari. Anayejua ramani atasema mtu wa kutoka Segera kuja Korogwe anatafuta nini Ngombezi. Aliyemjua Awadhi hawezi kuuliza.

Angel alimweleza Swaumu yote, akimwita mama. "Nilimwuliza, kaka unaumwa? Akasema, hapana, nimechoka. Nikamwambia basi pumzika, hapa hakuna wa kukufukuza. Akasema, nikikaa tu naitwa. Nikamwuliza, nani anakuita? Akasema, nyumbani. Akasema, kila nikilala naitwa, naambiwa niko njiani, basi nainuka. Mama, alikuwa analia yule kaka. Machozi na yale maji, sikujua kipi ni kipi. Akaniuliza kama Korogwe bado mbali. Nikamwonyesha minara ya simu, nikamwambia si ile pale? Akaitazama, akasema anaiona kila siku."

Swaumu alisimama, mkono wake ukiwa ndani ya gunia la mahindi lililokuwa karibu naye, umezama hadi kiwiko, wala hakuutoa kunusa.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "mimi nilidhani namvuta."

Tulikwenda Ngombezi mchana uleule kwa pikipiki. Angel alituongoza katikati ya nyaya. Singa zilikuwa zimeanikwa safu kwa safu, nyeupe, ndefu, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, na joto lilikuwa la kutoa kizunguzungu. Kutoka kambini, kwenye nyumba za vibarua, tulisikia redio, kisha hatukuisikia tena. Ardhi ya pale ilikuwa imepasuka kwa ukame. Lakini jiwe lilikuwa na alama iliyolowa, alama ya mtu aliyekaa, na chini yake tope jeusi la mtoni ambalo Ngombezi haina. Kwenye singa za safu ya karibu palikuwa na alama za viganja vya mikono, za rangi ya tope, kana kwamba mtu ameshikilia ili ainuke. Nilivitazama viganja vile nikataka kurudi kwenye pikipiki. Nasema wazi, niliogopa.

Swaumu alikaa chini, si juu ya jiwe bali mbele yake, kama mtu anayekaa mbele ya mgonjwa kitandani. Aliongea. Aliongea Kizigua, polepole, na mimi sikijui vizuri, kwa hiyo alichosema ni chao. Nilisikia jina la Ikram, na majina ya wajukuu. Mara moja alicheka. Kisha akachota udongo mkavu kwa kiganja, akaumimina juu ya ile alama. Udongo ukalowa ukawa mweusi. Akachota tena, ukalowa. Angel akataka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Alichota mpaka kucha zake zikatoka damu, na jua likaanza kuinama, na udongo ulikuwa bado unalowa. Halafu kiganja kimoja cha udongo kikabaki kikavu. Kikakaa juu ya jiwe kama unga juu ya ungo. Swaumu akakitazama, akasubiri, akainuka.

"Twende, shemeji," akasema.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Vijana walikuja na simu zao kurekodi, kwa kuwa ni mara ya mwisho. Kiti cha Awadhi kilikuwa kinadondosha maji, tone moja moja, sakafuni, na safari hii Swaumu hakukipangusa. Niliona vijana wawili wanatazama paa langu.

Mzee Sabiri aliita. Nipo. Nipo. Yuko njiani, amekwenda Mombo. Nipo. Sauti yake ilikuwa imedhoofika, lakini kichwa chake hakikosei jina. "Awadhi Sufiani."

Swaumu alisimama. Sote tuliozoea tuligeuka, kwa sababu jibu lile hutolewa mtu akiwa amekaa.

"Amefika," akasema.

Mzee Sabiri akauliza inavyopasa kuulizwa, "Nani ametia udongo?"

"Mimi mkewe. Nimetia kwa mikono yangu." Akainyoosha mikono yake, na kila mtu aliziona zile kucha. Mimi niliyemjua nilijua anachokifanya. Minara ya simu ya Korogwe inaonekana kutoka lile jiwe. Angenyamaza, angebishana, angemng'ang'ania Clinton mwezi mmoja tu zaidi, huenda angemfungulia mlango mtu aliyemngoja nusu ya maisha yake. Alikuwa na mume karibu hivyo, na akamwachia.

Mzee Sabiri akasema, "Apumzike." Tukaitikia, "Apumzike."

Kuna jambo sijalieleza, maana mara nyingi hufanyika kimyakimya. Mwanachama akishasemwa amefika, kiti chake hakibaki Chemba. Hubebwa kwa mabega na kupelekwa kwake, hukabidhiwa nyumba yake, na huo ndio mwisho wa uanachama. Clinton, kwa kuwa ni mwenyekiti, ilimpasa kushika mguu wa mbele. Aliushika kwa mkono mmoja, huku simu ikiwa mkono wa pili. Kiti hakikuinuka. Akatia simu mfukoni akashika kwa mikono miwili. Kiti cha mninga mtu mmoja hukibeba kama ndoo. Tulikiinua watu wanne, na hata hivyo magoti yangu yalilia.

Tulitoka nacho barabarani alasiri ile, na ilibidi tupokezane kama watu wapokezanavyo jeneza. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Mtu alichoka, mwingine akaingiza bega. Wenye bodaboda walizima pikipiki zao. Wanawake wa sokoni walisimama, na mmoja akaanza kusoma dua, bila kuuliza ni nani. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiti yakatushuka shingoni, baridi, jua likiwa kali. Clinton alikuwa mbele yangu na nilimsikia akihema, na mara moja akageuza shingo, macho yamemtoka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, kuna mtu." Nikamwambia ashike vizuri na aangalie mbele.

Mlangoni kwa Swaumu, kwenye nyumba iliyopakwa chokaa, uzito ulitoka. Haukupungua, ulitoka. Tulikuwa tumesukuma kwa nguvu zote, na tukajikuta tunakaribia kukirusha kiti juu ya paa. Tulikiingiza sebuleni, tukakiweka. Kilikuwa kikavu. Swaumu alipitisha mkono juu yake, mbele na nyuma, akaunusa ule mkono, akakaa sakafuni kando ya kiti akaegemeza kichwa chake pale ambapo goti la mtu lingekuwa.

"Karibu, baba Ikram," akasema.

Sisi wanaume tukatoka nje bila kuagana.

Ikram alikuja kutoka Handeni kesho yake. Wanawake wakamwogesha mama yake, wakamsuka, wakamvika nguo nyeupe, akaingia eda. Mwanamke mwenye wajukuu, mwenye mvi, na hakuwa amewahi kuwa mjane hadi siku ile. Nilimsikia akilia kutoka ng'ambo ya barabara. Kilikuwa kilio cha msichana wa miaka thelathini, kikubwa, hakina haya. Kilikuwa kimemngoja mle ndani muda wote ule. Wateja waliniuliza nani amefiwa, nikawaambia, jirani.

Kuhusu wasapu, Clinton hajalitaja tena. Mkutano uliofuata Mzee Sabiri aliita majina kama kawaida, na mwenyekiti akaitikia lake kwa sauti kubwa kuliko ya mtu yeyote. Bega lake la kulia analibeba vibaya mpaka sasa.

Swaumu bado yuko ndani. Haruhusiwi kukaa na wanaume wa nje, kwa hiyo nilipompelekea salamu za Chemba nilisimama nje, chini ya dirisha, pazia limeteremshwa. Nilimwambia kiti chake kipo, tunakitunza, na mimi ndiye ninayemjibia jina lake.

"Unasemaje, shemeji?"

Alijua ninasemaje, kwani ni neno gani lingine tunalo?

"Sasa hivi sawa," akasema kutoka nyuma ya pazia. "Nitatoka, nitakuja kukaa. Lakini siku yangu ikifika, shemeji, nakuomba, usinipende hivi nilivyompenda mimi. Udongo ukiisha kutiwa, simama pale pale useme."

Nikamwahidi. Kisha nikabaki nimesimama pale dirishani, mtu mzima, nalia mchana kweupe mbele ya wateja wangu.